Tukijenga nyumba ya wazee, tutaipima kwa kipimo gani?



Katika ushirika wetu hapa Lubumbashi kuna ombi mbele ya kamati. Familia moja iko tayari kutoa kiwanja upande wa Ruashi. Ndugu walio Ulaya wameahidi kuchangia matofali na mabati. Wanataka tujenge nyumba ya wazee, yenye vitanda, muuguzi na chumba cha sala, ili wazee wetu wasio na mtu wapate mahali pa kukaa. Karibu wote kwenye kamati walisema amina. Mimi pia nilisema amina.

Jumapili iliyofuata nilimpa habari hiyo mzee mmoja wa ushirika, fundi wa zamani wa Gécamines, anayekaa Katuba katika chumba kimoja na mjukuu wake. Nilidhani atafurahi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Pasta mwanangu, mlango wa hiyo nyumba utafungwa kutoka ndani au kutoka nje?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza jinsi makanisa mengine yanavyotunza wazee, na jinsi mtu anavyoweza kujua kama nyumba yenye jina la Bwana mlangoni inafanya kazi ya Bwana ndani. Ninawaandikia ninyi pia wa Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika, kwa sababu swali hili litawafikia, kama halijawafikia tayari.

Kwa nini swali limekuja sasa

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza miaka ya 1920 kuwataka wafanyakazi wakae pamoja na familia zao katika kambi zake. Ilitoa nyumba, posho, hospitali na shule. Mwaka 1967 mali ikawa ya taifa, baadaye ikaja kuitwa Gécamines, lakini mtindo ulibaki uleule. Baba alifanya kazi, na kampuni ilikuwa kama baba wa baba. Watu wengi hawakujenga nyumba kijijini wala hawakuweka akiba, kwa sababu waliamini kwamba kampuni haifi.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1994 kampuni ilitoa chini ya tani 50,000. Katikati ya miaka hiyo, 1992 na 1993, maelfu ya familia za asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga. Wazazi na watoto walitengana, na wengine hawakukutana tena. Kisha mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Kabla ya hapo walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Kila mmoja alipewa fedha za mara moja, akaenda.

Fanyeni hesabu. Aliyekuwa na miaka 50 mwaka 2003 sasa amepita 70. Fedha zile zilikwisha zamani. Hospitali ya kampuni si yake tena. Watoto wake wako Kolwezi wakichimba kobalti, au Lusaka, au Afrika Kusini, au wako hapahapa lakini wenyewe hawana kazi. Akina mama waliouza sokoni Kenya na Katuba maisha yao yote hawakuwahi kuandikishwa INSS, ambayo leo inaitwa CNSS. Kwao pensheni ni neno la redioni.

Kwenu mashariki, jambo lililovunja familia ni vita. Goma ilipotekwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, ninyi mnajua nani alikimbia na nani alibaki nyuma kwa sababu miguu ilikataa.

Kwa hiyo wazee wasio na mtu wapo, na hitaji ni la kweli. Sitaki msomaji adhani kwamba ninapinga kuwatunza. Ninauliza namna.

Agizo na utaratibu wake

Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, ni kama kanuni ya kwanza ya kanisa juu ya wazee. Paulo anaweka utaratibu ulio wazi. Watoto na wajukuu ndio wa kwanza kuwalipa wazazi wao fadhili. Asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Kanisa lisilemewe na walio na jamaa, ili liweze kuwasaidia wale walio wajane kweli. Kulikuwa na orodha, na kulikuwa na umri: miaka 60. Kanisa lilijua majina.

Katika Matendo 6 wajane waliosema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema kwamba walalamikaji wana roho ya uasi. Walisikiliza, wakataka watu saba wachaguliwe. Ukisoma majina ya wale saba utaona kwamba yote ni ya Kiyunani. Inaelekea kanisa lilikabidhi meza kwa watu wa upande uliokuwa umedhulumiwa. Katika mji wetu, ambako tunajua sana kuulizana "wewe ni wa wapi?", somo hilo halihitaji maelezo.

Na katika Marko 7 Bwana anawakemea waliosema mali yao ni Korbani, imetolewa kwa Mungu, ili wasiwape wazazi wao. Andiko hili linanichoma. Mwaka tulipokuwa tukichangisha fedha za bati za kanisa, mama yangu alikuwa Likasi, akinywa dawa ya presha siku moja na kuacha siku mbili ili isiishe upesi. Hakuniambia. Nilijua baadaye kutoka kwa jirani. Nilikuwa nimetoa sadaka yangu mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi. Kwa hiyo ninapoandika juu ya watoto wanaowaacha wazazi, siandiki juu ya watu wengine tu.

Majirani wamefanya nini

Tusidhani kwamba sisi ni wa kwanza. Pale Thogoto, karibu na Kikuyu nchini Kenya, kanisa la Presbiteri, PCEA, lina makao ya wazee katika eneo la misheni ya zamani ya Waskoti. Ndola, ng'ambo ya mpaka wetu wa Kasumbalesa, Jeshi la Wokovu linatunza wazee katika makao ya Mitanda, katika ukanda wa shaba unaofanana sana na wetu. Ndugu zetu Wakatoliki wana Nyumba ya Wazee huko Kasarani, Nairobi, ya Masista Wadogo wa Maskini. Shirika hilo lilianza Ufaransa mwaka 1839, Jeanne Jugan alipompa mama mzee kipofu kitanda chake mwenyewe. Kampala kuna nyumba ya Nalukolongo, iliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978. Wanaiita nyumba ya Bakateyamba, yaani ya wasioweza kujisaidia. Papa Fransisko aliitembelea mwaka 2015.

Nyumba hizi zinatufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba inawezekana. La pili ni kwamba karibu zote zimeegemea kitu kilichokuwepo kabla ya nyumba, yaani shirika la masista waliojitoa maisha yao yote, au misheni ya zamani yenye hospitali jirani, au jeshi la wahudumu wenye nidhamu. Matofali yalikuja juu ya watu. Sisi tuna kiwanja na ahadi ya mabati. Watu bado hatuna.

Vipimo vitano

Baada ya kusoma na kuuliza, nimepata vipimo vitano. Vinafaa kwa nyumba ambayo kanisa linataka kujenga, na vinafaa pia kwa nyumba ambayo wewe unataka kumpeleka mama yako.

Kwanza, mlango. Hili ni swali la mzee wangu wa Katuba. Je, mzee anaweza kutoka kwenda sokoni, kwenda matangani, kwenda kwa rafiki yake? Je, jamaa wanaweza kuja siku yoyote, au Jumapili saa nane tu? Ana sanduku lake lenye ufunguo wake? Anayepotewa na akili anahitaji kulindwa asipotee njiani, hilo ni kweli. Lakini mwenye akili timamu asiyeweza kutoka amefungwa, hata kama ukutani kuna mstari wa Biblia.

Pili, usiku. Wageni huja mchana. Hupokewa na kwaya, hupiga picha, huacha sabuni na unga. Wewe uliza habari za saa tisa ya usiku. Nani yuko zamu? Mmoja kwa wazee wangapi? Umeme ukikatika, taa iko wapi? Mzee aliyelowesha kitanda anasubiri mpaka asubuhi? Mwenye maumivu makali anapata dawa, au anaombewa tu? Kuomba ni wajibu wetu, lakini maombi hayageuzi mgonjwa kitandani kila baada ya saa chache ili asipate vidonda vya mgongo. Kazi hiyo inataka mikono, na mikono inataka mshahara. Nimewahi kutembelea nyumba moja ambayo sitaitaja, si ya mji huu, yenye bustani safi na ibada nzuri. Harufu ya chumba cha mwisho ilinieleza mambo ambayo mwenyeji wangu hakunieleza.

Tatu, fedha. Wafadhili hupenda kujenga, kwa sababu jengo huonekana kwenye picha. Mshahara wa muuguzi, makala ya kupikia bukari, nepi na dawa havionekani. Jiulizeni: baada ya mwaka wa kwanza wa wafadhili, mwezi wa 13 utalipwa na nani?

Hapa kuna habari ambayo sisi Waprotestanti tunapaswa kuijua. Kule California, Marekani, nyumba za wazee zilizoitwa Pacific Homes, zenye uhusiano na kanisa la Methodisti, ziliwaahidi wazee matunzo mpaka kufa kwa malipo waliyotoa mwanzoni. Wazee waliishi miaka mingi kuliko ilivyokadiriwa, gharama zikapanda, na mwaka 1977 shirika likafilisika. Wazee walilishtaki kanisa mahakamani. Mwaka 1980 kesi iliisha kwa makubaliano ya dola milioni 21. Hatujui kama waanzilishi walikuwa na nia mbaya, na wala haihitajiki kujua. Ahadi ya maisha yote ilitolewa kwa jina la kanisa, na hesabu haikutosha.

Kwetu hatari ina sura nyingine: kiwanja. Mzee asiye na fedha mara nyingi ana nyumba au kiwanja. Siku kanisa litakapopokea karatasi za kiwanja cha mzee kama malipo ya kumtunza, siku hiyo watoto waliokuwa wamepotea wataonekana wote pamoja na wakili. Na jirani watasema kwamba tulimchukua mzee kwa ajili ya mali yake. Ushauri wangu ni huu: nyumba ya kanisa isipokee mali ya mzee isiyohamishika, hata akisisitiza.

Nne, imani. Wengine watashangaa kuona imani katika vipimo, kwa maana nyumba ni ya kanisa. Lakini ndipo hasa tunapojaribiwa. Je, mzee Mwislamu au Mkatoliki atapokelewa? Padri wake au imamu wake ataruhusiwa kuja? Asiyetaka kuhudhuria ibada ya asubuhi atapata uji sawa na wengine?

Na kuna jambo zito zaidi. Wazee wengi wanafukuzwa nyumbani kwa sababu wameitwa wachawi. Mtoto ameugua, kazi imekosekana, na kidole kinanyoshwa kwa bibi mwenye macho mekundu. Macho yake ni mekundu kwa sababu amepika juu ya moshi miaka 50. Huko Kivu Kusini mwaka 2021 wanawake kadhaa waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto, baada ya watu waliojiita manabii kuwataja. Kilifi, pwani ya Kenya, imebidi kuwe na kimbilio huko Kaya Godoma kwa wazee wanaotishiwa kuuawa kwa sababu hiyo. Ndugu wachungaji, tuseme kweli: mara nyingine neno la kwanza dhidi ya bibi lilitoka madhabahuni kwetu. Nyumba ya wazee inayompokea mama huyo, kisha inamfungisha siku tatu ili "afunguliwe", haijampokea. Imekubaliana na waliomfukuza. Kanisa lisilo tayari kusema hadharani kwamba mama huyu hana hatia lisijenge nyumba ya kumficha.

Tano, malalamiko. Mwaka 2022 mwandishi wa habari Victor Castanet alitoa kitabu kilichotikisa Ufaransa, juu ya nyumba za wazee za kampuni ya Orpea. Familia zililipa fedha nyingi sana, majengo yalikuwa ya kifahari, lakini kitabu kilieleza jinsi nepi na chakula vilivyobanwa ili faida ipatikane. Nchi ile ina sheria na wakaguzi kutuzidi mbali. Kama huko yalifichika, kwetu yatafichika mara ngapi, ambako mkurugenzi wa nyumba atakuwa mchungaji, mkaguzi atakuwa shemeji yake, na anayelalamika ataambiwa kwamba amemgusa mtiwa mafuta wa Bwana?

Kwa hiyo uliza: mzee akidhulumiwa, atamwambia nani asiyelipwa na nyumba hiyo? Kama jibu halipo, vipimo vile vinne havina mtu wa kuvishika. Familia humsemea mzee wao. Lakini nyumba yetu tunaijenga kwa ajili ya wasio na familia, yaani kwa watu ambao hakuna atakayekuja kuuliza habari zao. Huo ndio ugumu wake wote. Nyumba itapimwa kwa yule asiyetembelewa.

Serikali isisahauliwe

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mzee haki ya hatua maalumu za ulinzi. Kifungu cha 40 kinasema watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Kanisa likijenga nyumba kimya kimya na kuacha kudai haki hiyo, litakuwa limeisaidia serikali kusahau.

Majirani wameonyesha kwamba inawezekana. Zanzibar ilianza mwezi wa 4 mwaka 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Kenya ilianza mwaka 2018 kuwapa wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya. Si fedha nyingi. Lakini bibi mwenye kitu mkononi kila mwezi hafukuzwi upesi nyumbani. Katanga inaipa dunia shaba na kobalti. Kuuliza kwa nini aliyeichimba anakufa bila dawa si siasa chafu. Manabii waliuliza maswali kama hayo.

Nilichokisema kwenye kamati

Tulipokutana tena niliomba turudishe nyuma ile amina yetu. Sikusema hapana. Nilisema tuanze na watu, na matofali yafuate.

Nilipendekeza kwanza tuandike orodha, kama ya Timotheo: wazee wote wa mtaa, wa kanisa na wasio wa kanisa, kila mmoja anakaa na nani, anakula mara ngapi, anatumia dawa gani. Pili, tuchague watu saba, na wawili kati yao wawe wazee wenyewe. Watembelee nyumba kwa nyumba mara mbili kwa wiki, na muuguzi wa zoni ya afya awafundishe kumgeuza mgonjwa, kuosha vidonda na kupima presha. Tatu, ukumbi wa kanisa, ambao katikati ya wiki umekaa tupu, ufunguliwe Jumatano kwa wazee wote, wale pamoja, waongee, wakate kucha. Nne, watoto walio mbali watafutwe kwa simu na mchungaji mwenyewe. Wengi hawakuacha wazazi kwa ukatili. Waliona aibu kurudi mikono mitupu. Tano, hesabu zisomwe mbele ya ushirika kila miezi mitatu.

Baada ya miaka miwili tutajua ni wazee wangapi ambao hata baada ya hayo yote hawana pa kulala. Pengine watakuwa sita. Kwa hao tutajenga vyumba sita ndani ya mtaa, karibu na bomba la maji na sauti za watoto. Msalabani Bwana alimkabidhi mama yake kwa mtu mmoja aliyesimama karibu, naye akamchukua kwake. Hilo likiwezekana kwa wazee wetu, ndilo la kwanza. Lisipowezekana, tujenge.

Kamati haijaamua. Ndugu wa Ulaya hawakufurahi, maana fedha zao ni za jengo na zina mwisho wa mwaka. Inawezekana tutazikosa, nami nitalaumiwa. Baadhi ya wenzangu wanasema kwamba wakati sisi tunaandika orodha, mzee fulani atakufa kwa baridi. Hoja hiyo inaninyima usingizi, nami siidharau. Ndiyo maana nimeomba matembezi yaanze wiki hii bila kungoja uamuzi wowote.

Nilirudi Katuba kumweleza yule mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: Jumatano hiyo, kama watapika sombe au maharage. Nimemwandika wa kwanza kwenye orodha.

Nanyi, ndugu zangu wa mashariki, kabla ya kusoma habari nyingine, mtaje mzee mmoja wa mtaa wenu ambaye hakuna aliyebisha hodi kwake mwezi huu. Kama jina halikuji, waulizeni watoto wa mtaa. Wao wanajua. Bwana awape nguvu za kwenda.